Ujuzi Bila Hati: Utambuzi wa Mafundi Ujenzi wa Mulago, Kampala, 1900–2025

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya utambuzi wa ujuzi wa mafundi ujenzi nchini Uganda kwa kuangalia mtaa wa Mulago, Kampala, ambako hospitali ya taifa, chuo kikuu na makazi ya vibarua vimekaa bega kwa bega kwa karne nzima. Yanafuatilia namna mamlaka ya kumshuhudia fundi yalivyohama kutoka kwa ukoo na misheni hadi kwa serikali ya kikoloni, kisha kwa dola huru na bodi za mitihani za leo. Hoja kuu ni kwamba cheti cha fundi kilipata thamani pale tu alipokuwapo mwajiri aliyelazimika kukisoma. Sheria za 1972, 2008 na 2025 zimeshughulikia utoaji wa vyeti kuliko usomaji wake. Makala yanapendekeza kwamba hatua inayofuata ianzie katika zabuni za umma, wala si katika kumzuia fundi asiye na cheti kufanya kazi.

Istilahi muhimu: fundi ujenzi, cheti, uanagenzi, jaribio la ufundi, Mulago

1.0 Utangulizi

Kilima cha Mulago kiko kaskazini ya katikati ya jiji la Kampala, kikitazamana na kilima cha Makerere ng'ambo ya Wandegeya. Hospitali iliyopo hapo ilianza mwaka 1913 kwa juhudi za daktari mmisionari Albert Cook. Jengo kubwa linaloitwa Mulago Mpya lilifunguliwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru wa Uganda, na mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ikaanzishwa kilimani hapo. Katika muongo wa 2010 kilima kiligeuka tena kuwa uwanja wa ujenzi. Majengo ya zamani yalikarabatiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na Hospitali Maalumu ya Wanawake na Watoto Wachanga, yenye vitanda 450, ikajengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Kiislamu na kufunguliwa mwaka 2018.

Ndani ya kuta hizo, kila anayemgusa mgonjwa ana hati. Daktari, muuguzi, mkunga na mfamasia wameandikwa katika daftari la taaluma yao, na asiyeandikwa huhesabiwa mvunja sheria. Waliozijenga kuta zenyewe hawakuwa na daftari la namna hiyo. Mwashi aliyenyoosha ukuta wa chumba cha upasuaji, mfunga nondo aliyesuka chuma cha nguzo, na fundi bomba aliyepitisha maji ya wodi, mara nyingi walifika kazini kwa kuitwa na msimamizi aliyewafahamu, wakaondoka na ujira wa siku bila andiko lolote la kuthibitisha walichokifanya.

Hali hii haikutokana na usahaulifu wa watunga sheria. Uganda ilitunga amri ya mafunzo ya viwandani mwaka 1972, sheria ya elimu ya ufundi mwaka 2008, na sheria nyingine iliyoifuta ile ya 2008 mwaka 2025. Swali la makala haya ni hili: kwa nini vyombo hivyo vyote havijamfikisha fundi wa kawaida wa Kampala mahali ambapo cheti kinabadili maisha yake? Ili kulijibu, kila kipindi kinaulizwa mambo matatu: nani aliyemshuhudia fundi, alimshuhudia mbele ya nani, na ushahidi huo ulizaa nini.

2.0 Ushahidi kabla ya karatasi

Buganda ya karne ya kumi na tisa ilikuwa na wajenzi, na ilikuwa na njia yake ya kuwatambua. Mfano ulio karibu na Mulago ni makaburi ya Kabaka huko Kasubi, ambayo UNESCO iliyaingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kazi ya kuezeka nyumba kuu ya Kasubi, Muzibu Azaala Mpanga, ni haki na wajibu wa ukoo wa Ngeye. Mwezekaji alikua katika kazi hiyo, akifundishwa na wakubwa wake, na aliyeamua kwamba sasa ameiva alikuwa mzee wa kazi aliyemwona akifunga nyasi kwa miaka mingi. Nyumba hiyo ilipoteketea kwa moto mwezi Machi 2010, mkandarasi wa kisasa hangeweza kuirudisha peke yake. Uezekaji ulihitaji watu wa ukoo, na kazi ya kuirejesha ilichukua zaidi ya muongo mmoja hadi UNESCO ilipoiondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023.

Katika utaratibu huu shahidi alikuwa fundi mwenyewe, aliyeshuhudiwa alikuwa mwanagenzi wake, na aliyepokea ushahidi alikuwa mfalme. Ushahidi ulizaa cheo, heshima na haki ya kazi. Ulikuwa na mipaka yake pia, kwa kuwa mtu wa nje ya ukoo hakuwa na mlango wa kuingilia.

Misheni zilileta tofali la kuchoma na aina nyingine ya ushahidi. Alexander Mackay, mhandisi wa Misheni ya Kanisa la Kianglikana aliyefika Buganda mwaka 1878, alifundisha useremala na uhunzi pamoja na dini. Baada yake alikuja K. E. Borup, aliyesimamia kazi za viwanda za misheni hiyo tangu mwisho wa miaka ya 1890. Kutoka katika kazi hizo kilizaliwa Kampuni ya Uganda mwaka 1903. Kanisa kuu la tofali la Namirembe, lililokamilika mwaka 1904 na kuungua kwa radi mwaka 1910, lilikuwa chuo cha waashi kama lilivyokuwa nyumba ya ibada. Kijana aliyejifunza kupanga tofali Namirembe au Rubaga alitoka na jina la mwalimu wake, na jina hilo ndilo lililokuwa barua yake kwa mwajiri wa pili. Ushahidi ulikuwa umetoka mikononi mwa ukoo, lakini bado ulitolewa na mtu aliyeiona kazi kwa macho.

3.0 Vilima viwili, njia mbili

Mwaka 1922 serikali ya kikoloni ilifungua shule ya ufundi kwenye kilima cha Makerere. Ilianza na wanafunzi 14 wa kutwa waliosomea useremala, ujenzi na umakanika. Chuo kikuu kikongwe cha Afrika Mashariki, basi, kilianza kikiwa shule ya mafundi. Haukupita muda mrefu, masomo ya udaktari, kilimo na ualimu yakaongezwa, na kuanzia mwaka 1924 mafunzo ya utabibu yakafungamanishwa na hospitali ya Mulago. Mwaka 1949 Makerere ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1970 ikawa chuo kikuu kinachojitegemea.

Masomo ya ufundi yalitengwa. Mwaka 1928 yalikuwa katika shule ndogo ya kazi za mikono pale Makerere. Mwaka 1958 shule hiyo ilihamia Kyambogo, mashariki ya jiji, ikiitwa Taasisi ya Ufundi ya Kampala. Baadaye ikawa Chuo cha Ufundi cha Uganda, kisha Politekniki ya Kyambogo, na mwaka 2003 ikaunganishwa na taasisi nyingine mbili kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo.

Mfuatano huu unastahili kuzingatiwa na yeyote anayeshauri juu ya sera. Mara mbili katika karne moja, shule iliyoanzishwa kwa ajili ya mwashi na seremala ilipanda ngazi hadi ikawa chuo kikuu, na kila ilipopanda ilimwacha mwashi chini. Hakuna aliyekusudia kumtupa. Taasisi hufuata heshima, na heshima katika Uganda ya kikoloni ilikuwa katika kalamu. Tume ya Phelps-Stokes, iliyotembelea Afrika Mashariki mwaka 1924, ilihimiza elimu ya kazi za mikono kwa Waafrika. Wazazi wengi waliisikia hoja hiyo kama njia ya kuwaweka watoto wao katika nafasi ya chini, na walikuwa na sababu ya kuisikia hivyo: karani alilipwa na kuheshimiwa kuliko seremala.

Tofauti kati ya vilima viwili ilizidi kukua. Mulago ilizalisha watu ambao vyeti vyao vilisimamiwa na wenzao wa taaluma na kulindwa na sheria. Wahandisi walifuata njia hiyo kwa Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1969, na wasanifu majengo wakapata sheria yao mwaka 1996. Fundi aliyetekeleza michoro ya hao wawili hakupata chombo cha namna hiyo.

4.0 Mulago ya vibarua na ngazi ya madaraja

Chini ya kilima cha hospitali palikuwa na Mulago nyingine. Wanaanthropolojia Aidan Southall na Peter Gutkind waliifanyia utafiti pamoja na Kisenyi katika miaka ya 1950, na kitabu chao juu ya Kampala na vitongoji vyake bado ni chanzo muhimu kwa mwanahistoria wa mji huu. Mulago waliyoieleza ilikuwa kitongoji cha wapangaji kwenye ardhi ya mailo, yaani ardhi iliyogawiwa kwa Mkataba wa Uganda wa mwaka 1900. Kilikuwa nje ya mipaka ya manispaa, kikiwa na watu wa makabila mengi walioishi kwa kazi za mshahara, biashara ndogo na upangishaji wa vyumba. Mji wa wazungu na Waasia ulijengwa na watu waliolala katika vitongoji kama hivyo.

Ngazi ya kazi za ujenzi ilikuwa pia ngazi ya rangi. Reli ya Uganda, iliyofika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931, ilikuwa imeleta zaidi ya wafanyakazi 30,000 kutoka Uhindi, na baada yao wakaja mafundi wengine, wakiwamo Masingasinga wa Punjab waliojulikana kwa useremala, uashi na umakanika. Msimamizi mkuu alikuwa Mzungu, fundi stadi mara nyingi alikuwa Mwasia, na Mwafrika aliajiriwa kwanza kama kibarua. Mwafrika aliyetaka kulipwa kama fundi alihitaji kitu cha kuonyesha, na neno la msimamizi halikumtosha kuvuka mpaka huo. Migomo ya Januari 1945 iliyoitikisa Kampala na miji mingine ilikuwa juu ya mishahara kwanza, na malalamiko ya wafanyakazi wa serikali yalikuwa sehemu yake.

Katika mazingira hayo ndipo jaribio la ufundi lilipopata maana. Kenya, Uganda na Tanganyika zilirithi mfumo unaofanana wa madaraja matatu: daraja la tatu kwa anayeanza, la pili kwa aliyekomaa, la kwanza kwa bingwa. Kufanana huku hakukutokea kwa bahati, kwa kuwa kulitokana na utawala mmoja uliohitaji kupanga mishahara ya mafundi wa idara zake za kazi za umma, reli na bandari. Mtahini alimpa mtahiniwa tofali, mchanga, mwiko, timazi na muda maalumu, kisha akaupima ukuta. Jaribio halikuuliza fundi alisomea wapi wala kabila lake ni lipi.

Nguvu ya daraja ilitokana na mahali liliposomwa. Idara ya kazi za umma ilikuwa na jedwali la mishahara, na daraja lilikuwa safu katika jedwali hilo. Fundi aliyepanda kutoka la tatu hadi la pili aliona tofauti mwisho wa mwezi. Jengo la Mulago Mpya lilipofunguliwa mwaka 1962, serikali ilikuwa mwajiri mkubwa wa mafundi na pia mtahini wao. Iliendelea kuwa hivyo baada ya uhuru, hasa baada ya kuanzishwa kwa Shirika la Taifa la Nyumba na Ujenzi mwaka 1964. Aliyetoa cheti na aliyekisoma walikuwa mtu mmoja.

5.0 Mwaka 1972 na kupotea kwa msomaji

Mwaka 1972 una matukio mawili ambayo historia ya ufundi haiwezi kuyatenganisha. La kwanza ni Amri ya Mafunzo ya Viwandani, iliyoweka msingi wa Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, inayojulikana kwa kifupi kama DIT, na kuipa jukumu la uanagenzi na majaribio ya ufundi. La pili ni agizo la Idi Amin la mwezi Agosti lililowapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Katika mwaka huohuo nchi ilipata chombo cha kuwatambua mafundi na ikafukuza sehemu kubwa ya mafundi stadi na wakandarasi waliokuwa walimu wa kazini.

Hasara hiyo haionekani katika takwimu za vyeti. Uanagenzi wa kweli hufanyika jengoni, pale mwenye ujuzi anapofanya kazi mbele ya asiye nao na kumsahihisha papo hapo. Wakandarasi walipoondoka, nafasi za kujifunza zilikwenda nao. Uchumi ulipoporomoka katika miaka iliyofuata, saruji na nondo zikawa bidhaa za magendo, na majengo mengi yakasimama nusu. DIT iliendelea kuwapo kisheria na kutahini, lakini uwanja wa kazi uliokuwa ukiyapa majaribio yake maana ulikuwa umenyauka.

Pigo la pili lilikuja kwa upole. Baada ya mwaka 1986 amani ilirejea Kampala na ujenzi ukaanza upya. Pamoja nayo yalikuja marekebisho ya uchumi na ya utumishi wa umma. Watumishi wa serikali, waliokuwa takriban 320,000 mwaka 1990, walipunguzwa hadi karibu nusu katika miaka michache. Kazi za ujenzi za serikali zilihamia kwa wakandarasi binafsi, na wakandarasi wakawapa mafundi kazi kwa kupitia madalali wa kazi na wasimamizi wa vikundi. Jedwali la mishahara lililokuwa likimsoma fundi kwa daraja lake halikuwahusu watu hao.

Wala hapakuwa na kima cha chini cha mshahara cha kushika nafasi ya jedwali hilo. Kima kilichowekwa mwaka 1984, cha shilingi 6,000 kwa mwezi, hakijabadilishwa kisheria hadi leo. Bunge lilipitisha muswada wa kima kipya mwaka 2019, na Rais akakataa kuutia saini. Mahali ambapo sakafu ya mshahara haipo, ngazi ya mishahara haina pa kuegemea, na daraja la fundi linabaki sifa isiyo na bei.

Matokeo yake yalionekana katika majengo pia. Mwaka 2004 hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, kwenye barabara ya Entebbe, iliporomoka na kuua zaidi ya watu 10. Mwaka 2008 udongo uliwafukia wafanyakazi katika shimo la msingi wa jengo refu lililokuwa likijengwa Nakasero. Majanga hayo yalichangia kupatikana kwa Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013. Kiini cha sheria hiyo ni vibali, michoro na wataalamu waliosajiliwa. Hilo ni jambo la lazima, lakini zege huchanganywa na mtu mwingine, na mtu huyo bado anajulikana kwa jina lake la kwanza tu.

6.0 Kutoka 2008 hadi 2025: watoaji wengi wa vyeti

Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Biashara, Ufundi na Ufundi Stadi ya mwaka 2008 ilikuwa jaribio kubwa la kurekebisha hali hii. Iliipa DIT msingi mpya, ikaunda bodi ya mitihani ya biashara na ufundi, na ikaweka mfumo wa sifa za ufundi stadi unaopima umahiri badala ya miaka iliyokaliwa darasani. Mpango wa kuijengea Uganda ujuzi uliozinduliwa mwaka 2012, na sera ya mwaka 2019, vilifuata mkondo huohuo.

Tunda muhimu zaidi kwa mafundi ujenzi lilikuwa kijitabu cha mfanyakazi, kinachofahamika kama PAS. Kijitabu hicho humtambua mtu aliyejifunza kazini bila kupitia shule. Hupimwa kipande kwa kipande cha kazi, kwa mfano kujenga ukuta, kupiga lipu au kuweka vigae. Hupimwa kwa vitendo, na mtahiniwa huruhusiwa kujieleza kwa lugha anayoielewa. Kwa mara ya kwanza tangu madaraja ya kikoloni, serikali ilikuwa tayari kumwona fundi wa Kalerwe au Kamwokya alivyo, na si kama mtoro wa shule.

Pamoja na ubora wake, kijitabu kilikutana na soko lisilokidai. Mwenye nyumba anayejenga vyumba vinne vya kupangisha hamwombi mwashi hati. Humwuliza alijenga wapi mara ya mwisho, kisha huenda kuitazama kazi. Huo ni ushahidi wa zamani, wa macho, na kwa jengo dogo si ushahidi mbaya. Mkandarasi mkubwa humwachia msimamizi wa kikundi kazi ya kuchagua watu, naye huchagua anaowajua. Fundi aliyepoteza siku za ujira kwa ajili ya kupimwa hurudi jengoni na kulipwa sawa na jirani yake asiyepimwa. Hesabu yake haihitaji elimu ya juu: siku zile zimemgharimu, na hazijarudi.

Sheria ya mwaka 2025 ya elimu na mafunzo ya ufundi imeifuta ile ya 2008. Imeunda baraza la kusimamia sekta na kuunganisha kazi za upimaji zilizogawanyika kati ya DIT na bodi ya mitihani katika bodi moja ya tathmini ya ufundi. Hatua hiyo inaondoa mkanganyiko wa siku nyingi, pale mwajiri alipokuwa akiletewa vyeti viwili vya kazi moja kutoka ofisi mbili. Hata hivyo, kwa kipimo cha makala haya, sheria hii pia imerekebisha upande wa mtoaji. Upande wa msomaji unangoja kanuni, mikataba na bajeti.

Uwezekano wa kuurekebisha upande huo umekwisha kuonekana nchini humo humo. Sekta ya mafuta ya bonde la Ziwa Albert ilipohitaji wachomeleaji, kampuni zilitaka watu waliopimwa kwa viwango vya kimataifa, na vijana wa Uganda wakapimwa kwa viwango hivyo. Mnunuzi wa kazi alikidai cheti, na cheti kikapatikana.

7.0 Majirani na soko la pamoja

Uzoefu wa majirani unaonyesha njia mbili. Kenya ilianzisha Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi kwa sheria ya mwaka 2011, na kuipa, pamoja na usajili wa wakandarasi, jukumu la kuwaidhinisha mafundi stadi na wasimamizi wa majengo. Chombo kinachompa mkandarasi leseni ndicho kinachomtambua fundi, na hivyo msomaji wa cheti yuko karibu na mtoaji. Tanzania ilifuata njia ya mafunzo: Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, unaofanana na kijitabu cha Uganda.

Juu ya mifumo hiyo ipo Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ambayo inaahidi uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka na kutambuana kwa sifa. Wahasibu na wasanifu majengo walikuwa na makubaliano yao ya kutambuana mwaka 2011, na wahandisi mwaka 2012. Mwashi hayumo katika orodha hiyo, ingawa ndiye aliyetangulia wote kuvuka mpaka. Mfunga nondo wa Mbale aliyefanya kazi Eldoret, au mpiga lipu wa Bukoba aliyejenga Kampala, amekuwa mfanyakazi wa soko la pamoja kabla soko hilo halijapewa jina.

Hapa Kiswahili kina kazi ya kufanya. Katika majengo ya Kampala maneno fundi na karai ni mali ya kila mtu, na kikundi cha watu waliotoka Arua, Busia na Goma huelewana kwa Kiswahili kabla ya Kiingereza. Katiba ya Uganda ilipata kipengele cha Kiswahili kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri lilichukua uamuzi wa kukiendeleza mwaka 2022. Orodha ya stadi za ujenzi iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu, yenye istilahi moja kwa nchi zote, ingekuwa kazi halali ya wanaisimu wa kanda hii, na faida yake ingepimwa kwa ujira wa watu.

8.0 Mjadala

Kutokana na historia hii, ushauri rahisi ungekuwa kulifanya jambo kuwa lazima: asiye na cheti asiguse mwiko. Makala haya hayauungi mkono ushauri huo. Kwanza, kumbukumbu ya ngazi ya rangi inatuonya kwamba kizuizi cha kuingia katika kazi humwumiza kwanza aliye chini. Pili, sharti la namna hiyo lisingeweza kusimamiwa katika majengo madogo, na kila sharti lisilosimamika huzaa rushwa na vyeti vya kughushi. Tatu, lingeyaondoa macho ya mwenye nyumba katika uamuzi na kuweka karatasi mahali pake, ilhali macho hayo yamemsaidia kwa muda mrefu.

Njia inayopendekezwa inaanzia pale dola inapolipa. Serikali, mashirika yake na wakopeshaji wake wa maendeleo ni wanunuzi wakubwa wa majengo: hospitali, shule, masoko na barabara. Mkataba wa kazi ya umma unaweza kumtaka mkandarasi awe na sehemu maalumu ya mafundi waliopimwa katika kila fani, sehemu hiyo ikiongezeka kadiri miaka inavyopita. Gharama ya kazi katika mkataba iandikwe kwa daraja, ili fundi aliyepanda alipwe zaidi. Upimaji ufanyike jengoni, saa za kazi, kwa gharama ya mradi. Hospitali moja ya vitanda 450 inayojengwa kwa utaratibu huu ingewaachia mamia ya watu hati waliyoipata kwa kazi waliyokuwa wakiifanya tayari.

Wapo watakaosema kwamba gharama za miradi zitapanda. Zitapanda kidogo, na gharama ya ukuta unaobomolewa na kujengwa upya, au ya majeruhi wa jengo lililoanguka wanaofikishwa Mulago, tayari inalipwa na umma huohuo. Wapo pia watakaosema kwamba watahini watahongwa. Jibu la hoja hiyo liko katika sehemu ya pili ya makala haya: mafundi mabingwa, wanaojulikana katika kazi na wenye jina la kulinda, waketi katika meza ya upimaji pamoja na ofisa wa bodi. Madaktari hupimana wao kwa wao chini ya sheria. Waezekaji wa Kasubi walifanya vivyo hivyo bila sheria ya bunge. Mwashi amekuwa mtahiniwa kwa miaka mingi, na haijakuwa kawaida kumpa kiti cha mtahini.

9.0 Hitimisho

Karne ya ujenzi katika Mulago inaonyesha kwamba utambuzi wa fundi ni uhusiano wa watu watatu: anayeshuhudia, anayeshuhudiwa na anayepokea ushahidi. Ukoo ulikuwa na wote watatu ndani ya desturi moja. Serikali ya kikoloni na ya miaka ya mwanzo ya uhuru ilikuwa nao katika jedwali moja la mishahara. Tangu miaka ya 1990 mtu wa tatu ametoweka, na sheria zimeendelea kumwimarisha wa kwanza. Kanuni za utekelezaji wa sheria ya 2025 ni nafasi ya kumrudisha mtu huyo wa tatu, kwa kuifanya serikali yenyewe kuwa msomaji wa kwanza wa cheti inachokitoa. Isipofanya hivyo, shule za ufundi zitaendelea kupanda na kuwa vyuo vikuu, bodi zitabadilishwa majina, na fundi atabaki akitambuliwa kwa ukuta wake tu, mpaka siku mwenye nyumba atakapoupaka rangi na kusahau aliyeujenga.